Tiyo Ikivutwa Mara Tatu

Tiyo, ule mpira wa kupitisha hewa, ilivutwa kabla mashine haijawashwa.

Ilivutwa kidogo tu, kama kamba ya mbuzi anayegeuza shingo. Cécilia aliona kwa macho yake. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mume wake, Bulaimu, akimlegezea mikanda ya maski nyuma ya kisogo. Ilikuwa saa nane ya mchana, jua kali juu ya mabati, redio inasoma matangazo ya vifo. Hapakuwa na giza la kusingizia.

Mara mbili. Ikatulia.

Na mkono wa Bulaimu ukaishika ile tiyo ukaivuta mara moja, haraka, kama mtu anayeitika mlangoni.

"Umefanya nini?"

"Kitu gani?"

"Umevuta tiyo."

"Sijavuta kitu, mama Glody. Washa mashine yako, tumalize."

Lakini jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na macho yake hayakumtazama mkewe. Yalitazama sakafu ya udongo.

Tueleze mambo kwa utaratibu, maana watu wa mji wa Kasongo wameisha kuyaeleza vibaya.

Bulaimu alikuwa na ugonjwa wa usingizi. Akilala anakoroma hadi kuku wanahama chini ya dirisha, halafu kimya. Kifua kinapanda na kushuka, hewa haiingii. Cécilia anahesabu moyoni: kumi, ishirini, thelathini. Anamtikisa bega, naye anashtuka akivuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyetolewa majini kwa nywele. Mchana wake ulikuwa mchana wa mtu asiyelala. Alisinzia akila. Alisinzia akiongea. Alisinzia na ufunguo wa nati mkononi, juu ya injini ya pikipiki ya mteja. Ukoo wake ulikuwa na maelezo mepesi: mke anamkaba. Mwanaume akikosa hewa kitandani, atafutwe mwanamke aliye karibu, na hoja imekwisha. Hakuna aliyejiuliza, hata mmoja, huyo ni mkabaji wa aina gani, anayeamka mara ishirini kwa usiku ili amrudishie mtu pumzi.

Aliyeuliza alikuwa Benita, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa wao. Alimfunga Bulaimu kifaa kidogo kidoleni, akakiacha hadi asubuhi, akasoma namba, akashika kichwa.

"Mama Cécilia, hapa hakuna mulozi wala uchawi. Nyama ya koo inalala pamoja naye, inafunga njia. Siku moja itafunga, haitafunguka."

Mashine ilitoka kwa Émérance, dada yake Cécilia, anayesafisha vyumba vya hospitali kule Ubelgiji. Kisanduku kikubwa kama redio, tiyo laini yenye urefu wa mtu mmoja, na maski ya kufunika pua. Inasukuma hewa, koo linabaki wazi. Betri ya sola inaitosha.

Shida ikawa maski. Mara ya kwanza Bulaimu aliing'oa baada ya dakika kumi. Inabana, alisema. Inakausha mdomo. Inapuliza hewa machoni. "Naona kama mutu ananizika." Benita hakumcheka. Alimfundisha kuizoea mchana, macho wazi: akae kwenye kiti, aishike kwanza kwa mkono bila mikanda, asikilize redio, robo saa leo, nusu saa kesho. Mikanda isikazwe, vidole viwili vipite chini yake. Kila asubuhi ioshwe kwa sabuni kidogo. "Watu wote wanagombana nayo siku za kwanza," alisema. "Halafu wanalala kama watoto."

Siku tatu zilipita vizuri. Ya nne ndiyo hiyo tiyo ilipovutwa.

Cécilia aliwasha mashine. Ilianza kuvuma taratibu kama kawaida, kisha sauti ikabadilika. Ilikuwa inasukuma, sasa ilivuta. Mashavu ya Bulaimu yaliingia ndani. Harufu ikatoka pembeni mwa maski, si ya plastiki, si ya sabuni. Udongo mwekundu uliolowa. Na chini yake moshi wa mafuta yaliyoungua zamani.

"Toa," Bulaimu alisema ndani ya maski. "Toa, toa, toa!"

Ilipotoka, ngozi ya juu ya pua ilibaki kwenye plastiki. Kipande kama ukucha. Na mikanda, ambayo Cécilia mwenyewe alikuwa ameilegeza, ilikuwa imekazwa hadi tundu la mwisho.

Siku ya tano Bulaimu alikataa. Akalala bila maski baada ya chakula, chali mkekani, na pumzi ikakata. Cécilia alihesabu hadi sitini. Akamtikisa. Akampiga kofi. Akafika tisini, kucha za mume wake zikawa rangi ya bilinganya, na ndipo alipomkandamiza kifua kwa magoti mpaka hewa ikaingia na mlio wa mlango mbovu.

"Sikiliza, baba Glody," alimwambia alipoweza kusema. "Bila hii kitu unakufa. Nimehesabu. Si maneno ya muuguzi, ni hesabu yangu."

"Na mimi nakuambia, nikiivaa nakufa."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

Bulaimu aligeukia ukuta. Mwanaume anaweza kukaa kimya juu ya kaburi, mkewe ndiye anayepigwa na udongo.

Akaivaa. Alikuwa amechoka mno kuweza kubishana. Dakika tano za amani zikapita, redio ikiimba, na Cécilia alikuwa ameanza kupumua yeye mwenyewe, wakati tiyo ilipokazika kama kamba yenye mzigo. Ikavuta. Mara ya kwanza, shingo ya Bulaimu ikainama. Mara ya pili, akatoka kwenye kiti. Mara ya tatu, paji la uso wake likapiga sakafu, na kulikuwa na mlio, na damu ikaruka hadi kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Cécilia aliirukia ile maski kwa mikono miwili akaivuta upande wake, yeye huku na kile kitu kule, uso wa mume wake katikati.

Hivyo ndivyo Atumani alivyowakuta.

Atumani ni mdogo wake Bulaimu, anakaa nyumba ya nyuma katika uwanja huohuo. Alisimama mlangoni, akaona damu, akaona mikono ya Cécilia juu ya uso wa kaka yake, akatoa hukumu papo hapo. Ngumi ilimpata Cécilia sikioni. Ya pili kwenye meno.

"Nilisema! Nilisema mbele ya wazee! Mwanamuke huyu anamumaliza ndugu yangu, na sasa ameleta mashine ya kumusaidia!"

"Shemeki, shika tiyo! Angalia tiyo!"

Atumani alitazama. Tiyo ilikuwa imelala sakafuni, laini, haina habari.

"Nimeangalia," akasema. "Naona tiyo. Na weye unaona nini? Nyoka?"

"Naona mutu aliyepiga mwanamuke bila kuuliza swali moja," alisema Cécilia, akitema damu. "Kesho utaniuliza. Leo saidia kumuinua."

Benita alikuja jioni kabla ya jua kuzama. Alishona paji la uso la Bulaimu nyuzi saba, akatazama kidonda cha pua, akasogeza vidole chini ya mikanda. Kila kitu mahali pake. Kisha akabonyeza kioo kidogo cha mashine, kinachoandika kila pumzi ya aliyevaa, akakaa akikisoma muda mrefu kupita kiasi.

"Mama Cécilia. Ni mutu mumoja tu aliyeivaa?"

"Mumoja."

"Mutu akitulia anapumua mara kumi na tano kwa dakika. Hapa imehesabu kumi na tano." Akasogeza kidole chini. "Halafu imehesabu zingine kumi na tano, katikati ya zile. Pumzi ya watu wawili."

Benita alikuwa mtu wa namba, na namba zilimtisha zaidi ya hadithi zote alizosikia utotoni. Alikusanya vyombo vyake. Mlangoni aligeuka.

"Lakini asiache kuivaa," alisema kwa sauti ndogo. "Siwezi kusema kingine. Akiacha, hafiki mwisho wa juma."

Siku ya sita tiyo ilirudia kuvuta tatu zake, mara nne kwa mchana mmoja. Cécilia alifunga kiti kwa kamba kwenye nguzo, akamfunga Bulaimu kwenye kiti kwa vitenge, akamshika kichwa kwa mikono yake, maana ndivyo alivyopata usingizi wa saa moja moja, kichwa chake kikivutwa chini na mkewe akikivuta juu, na mtu yeyote aliyepita dirishani angeapa mbele ya mahakama kwamba ameona mke akimyonga mumewe mchana kweupe. Walipita wengi. Waliapa.

Siku ya saba Atumani akamleta Mwalimu Iliasi kutoka Nyangwe. Mzee mrefu, kanzu safi, mkoba wa ngozi. Alisalimia, akaomba maji ya kunawa, akamwambia Cécilia "pole, binti yangu" kabla ya kusema na mwanaume yeyote. Cécilia hakulitegemea hilo, na machozi yakamtoka.

"Mwalimu, ni mashine," Atumani alisema. "Mashine ya Ulaya na huyu mwanamuke. Tuichome."

"Polepole, kijana. Nimekuja kusikia, sikuja kuchoma."

Iliasi aliwasha ubani kwenye kigae, akaketi mbele ya Bulaimu aliyefungwa kitini, maski usoni, mashine ikivuma. Alianza kusoma kwa sauti ya chini. Moshi ulikwenda vizuri mwanzoni, ukapanda kuelekea mabati. Kisha ukainama, ukatambaa sakafuni kama maji yanayotafuta tundu, ukaingia kwenye udongo chini ya kiti na usionekane tena. Sauti ya mashine ikashuka, ikawa nzito, ikawa kukoroma, kisha kukoroma kukakata, na katika ule ukimya wote wanne wakasikia chini ya miguu yao, mbali sana, mtu akikwaruza.

"Kwa jina la Baba," Cécilia alinong'ona.

"Kwa jina la Mungu, weye ni nani?" Iliasi aliuliza, akaweka kiganja juu ya tiyo.

Tiyo ilimrusha. Ilijikunja na kumpiga kifuani kama fimbo ya mchunga ng'ombe, ikamtupa mzee wa watu kwenye ukuta, kilemba kikaruka, mbavu zikalia, na kabla hajafika chini ilikuwa imekwisha kumrudia usoni mara ya pili, meno mawili ya mbele yakadondoka kwenye kanzu nyeupe pamoja na damu, na Atumani badala ya kumsaidia alikuwa amepanda juu ya meza akipiga kelele kwamba alisema, alisema, aliwaambia wote ichomwe.

Iliasi alikaa pale pale chini. Alifuta mdomo. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, lakini hofu yake ilikuwa ya mtu mwenye akili.

"Hii haikutoka Ulaya," alisema, maneno yakipita vibaya kwenye pengo. "Kitu cha ugenini hakichagui. Hiki kinajua kinamufwata nani. Na kinavuta kwa hesabu. Bulaimu, nani alikifundisha kuvuta?"

Bulaimu alilia ndani ya maski. Kilio cha mwanaume mnene, kisicho na aibu.

"Mimi nilimujibu," alisema. "Mkono wangu ulimujibu peke yake."

Ndipo aliposema, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, kilichotokea kwenye machimbo ya Salamabila, kule Kabambare.

Walikuwa watatu kwenye shimo moja la dhahabu, refu metre makumi nne. Salomon, muchimbaji, chini. Bulaimu juu, kwenye mashine ya petroli inayosukuma hewa ndani kwa tiyo. Atumani juu pia, kwenye kamba. Huko chini sauti haifiki, kwa hiyo muchimbaji anasema kwa kuvuta tiyo. Mara mbili: hewa. Mara tatu: nipandisheni. Wa juu anajibu kwa kuvuta mara moja: tumesikia. Kila muchimbaji wa Kabambare anajua hivyo, mikono yao inajua hata wakiwa wamelewa.

"Nikalala," Bulaimu alisema. "Mashine ikamaliza petroli, mimi nimelala. Sijui alivuta mbili mara ngapi. Nilipoamka tiyo ilikuwa inaruka. Tatu. Tatu. Tatu. Nikapiga kelele, Atumani, tatu!"

"Uongo!" Atumani alisema juu ya meza.

"Nikapiga kelele. Midomo ya shimo ilikuwa inapasuka. Atumani akaniambia, ameisha kufa, ni udongo ndio unavuta. Akaachilia kamba. Akashika chepeo ya kufukia. Mimi nilikuwa nimesimama, nina mikono, sikufanya kitu. Akatupa udongo, na tiyo inaruka. Akatupa udongo mpaka tiyo ikaacha kuruka."

Kule chini, kukwaruza kukaendelea.

"Weye ulilala!" Atumani alipiga kelele, na mate yakamtoka. "Kama hungelala! Pédégé mwenyewe, mwenye shimo, alisema kosa ni ya mutu wa hewa. Miaka miwili nimekufichia! Miaka miwili!"

"Miaka miwili umesema mimi ndiye ninayemukaba," alisema Cécilia.

Alisema polepole. Sikio lake bado lilikuwa limevimba kwa ngumi ya shemeji, na ndani yake kitu kilikuwa kimepoa na kukaa wima.

"Mwalimu, ruhusa niulize. Baba Glody. Mara mbili ni kazi ya nani?"

"Yangu. Mutu wa hewa."

"Na mara tatu?"

Bulaimu aliinua kichwa. Alimtazama mdogo wake.

"Tangu siku ya nne, ulipomujibu, mbili imerudi?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hapana. Tatu tu."

"Kwa sababu hewa ameisha kuipata. Siku tatu anapumua kwa kifua chako, Benita alihesabu. Hakudai tena hewa kwako. Sisi wote hapa tunamupigania hewa kama wajinga, na yeye anaomba kitu kingine." Akainama, akaongea na sakafu. "Weye uliye chini. Huyu si mutu wako. Huyu alikuwa wa mbili. Wa tatu yuko juu ya meza."

Tiyo ilijichomoa kwenye maski na kwenye mashine. Ilisimama wima, ncha yake ikageuka kushoto, kulia, kama mbwa anayenusa, na Atumani aliruka kutoka mezani kuelekea mlango, lakini haikumngoja afike; ilimzunguka kifundo cha mguu angali hewani, na kidevu chake kikapiga kizingiti, kikapasuka hadi mfupa, na ikamburuta nyuma, kucha zake zikichora mistari kumi kwenye udongo, mpaka katikati ya chumba, pale moshi ulipoingia. Hapo ikamwachilia. Ikachomeka ncha moja sakafuni kama mche wa muhogo, ikazama, na ile nyingine ikajilaza kwenye viganja vyake.

Ikavuta. Mara moja, mbili, tatu.

"Vuta, shemeki," Cécilia alisema. "Ni hicho tu anataka. Vuta."

Atumani alivuta. Tiyo ya urefu wa mtu mmoja ilitoka ardhini ikazidi urefu wa mtu mmoja. Ikatoka ya pili, ya tatu, yenye matope mekundu, na harufu ya petroli ikajaza chumba hadi macho yakawasha, na Atumani akavuta mkono baada ya mkono akilia kwa mama yake, ngozi ya viganja ikibaki kwenye plastiki, na nyuma yake tiyo ikajikunja chungu juu ya chungu hadi ikamfikia kiunoni, na bado ilikuwa ikija, nzito zaidi kila mara, nzito kama mtu, na udongo wa sakafu ukaanza kuvimba, ukapasuka, na katika upenyo ukatokea mkono. Vidole havikuwa na kucha. Vilikuwa vimechakaa hadi kwenye mifupa, kama vya mtu aliyechimba metre nyingi bila chombo.

Mvuto mmoja tu ulibaki. Mwalimu Iliasi aliapa baadaye, kwa Mungu, kwamba ulibaki mmoja tu.

Atumani aliachilia tiyo. Akainua mguu, akasukuma udongo kwa kisigino, haraka haraka, juu ya ule mkono, kama alivyofanya mara ya kwanza.

Ule mkono ukamshika kisigino.

Tundu halikuwa pana kuliko kichwa cha mtoto. Alishuka hivyo hivyo. Goti lilivunjika likipita, wakalisikia; nyonga zikavunjika zikipita, wakazisikia; aliwaita wote kwa majina, kaka yake mara nyingi kuliko wengine, na Cécilia, ndiyo, Cécilia aliyepigwa naye meno, alitupa mikono yake akamshika kwapani akavuta kwa nguvu zote mpaka bega la Atumani likatoka mahali pake na shati likachanika mikononi mwake. Mabega yakapita kwa mlio wa kuni kavu. Mdomo ulijaa udongo katikati ya neno.

Sakafu ilijifunga. Palibaki unyevu, kama mtu amemwaga maji.

Kitini, Bulaimu alikuwa amezimia, ameacha kupumua. Kichwa kimelala, midomo ya buluu. Cécilia aliitafuta tiyo kwa mikono iliyojaa damu ya shemeji. Ilikuwa fupi tena, safi, ya urefu wa mtu mmoja. Akaichomeka. Akaweka maski juu ya pua yenye kidonda, vidole viwili chini ya mikanda. Mashine ikavuma. Kifua kikapanda. Kwenye kioo kidogo namba ikatulia: kumi na tano.

Siku tatu Bulaimu alilala kama jiwe. Siku ya nne, mchana, tiyo ikavutwa. Tatu. Polepole, bila hasira.

"Bado yuko chini," Bulaimu alisema. "Mutu wa kamba alimuachilia tena."

"Basi tutakwenda sisi."

Siku mbili za pikipiki kupita Wamaza, Cécilia nyuma, mashine mapajani mwake ndani ya kitenge, betri mgongoni. Walipofika Salamabila, pédégé wa lile shimo alitoka kwenye hema lake na vijana wawili wenye bunduki, akasema hapa hakuna shimo, hakuna Salomon, na huyu mwanamke ni nani?

Cécilia hakusema naye. Alipanda juu ya rundo la mchanga akasema na wachimbaji, mia na zaidi, waliotoka mashimoni kuangalia.

"Nawauliza swali moja. Tiyo ikivutwa mara tatu, mutu wa juu anafanya nini?"

Wachimbaji waligeukia mashimo yao. Halafu mmoja akasema, "Anapandisha." Na mwingine. Na midomo mingi.

"Mutu mumoja alivuta tatu hapa, na mpaka leo anavuta. Mimi nimekuja kumupandisha. Pédégé anasema hapana. Sasa chagueni, maana kesho atakayevuta ni weye."

Vijana wenye bunduki waliangalia zile chepeo mia, wakaangalia miguu yao.

Walichimba siku tano. Bulaimu alichimba nao, akapumzika kwa maski chini ya turubai la sheeting, na kila alipofunga macho tiyo ilikuwa ikivuta, karibu zaidi, karibu zaidi. Siku ya tano, saa sita ya mchana, ikaacha. Mtu akaita kutoka chini.

Walimpandisha Salomon kwanza, mifupa na kaptula, kipande cha tiyo mkononi. Cécilia alimfunika kwa kitenge chake. Wachimbaji walivua kofia. Bulaimu alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya ule mkono, akakaa hivyo.

Kisha kamba ikashuka tena, na aliyekuwa chini akapiga kelele ambayo haikuwa na maneno.

Pédégé alisogea ukingoni. Alichungulia. Kule chini, metre makumi nne chini ya udongo uliokaa miaka miwili bila kuguswa, alilala mtu mwingine, mbichi, hajaanza hata kunuka, mifupa yote imevunjika, shati limechanika kwapani, mikono imekunjwa kwenye kamba ambayo haikuwepo.

"Mulisema mutu mumoja," pédégé alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Huyu wa pili ni nani?"

"Ni mutu wa kamba," alisema Cécilia. "Mumupandishe naye."